Mbuzi wa Mothibeli Mlangoni kwa Taole

"Mbuzi wa Mothibeli wakija kunifia mlangoni, nitawaruka kama mtu anavyoruka dimbwi, niende zangu ndani nikaote moto. Na mlango nitaufunga, joto lisipotee."

Maneno hayo Taole Nkhahle aliyasema mchana kweupe, kwenye banda la kunyolea mbuzi la kijiji cha Ha Ramosoeu, mbele ya wanyoaji, wapima manyoya, mzee mmoja wa kanisa na mbwa wote wa kijiji. Hakunong'ona. Taole hajawahi kunong'ona tangu azaliwe; hata akisali kimoyomoyo, majirani huitikia amina.

Wanyoaji walicheka mpaka mikasi ikasimama. Mothibeli Lesala, mwenye mbuzi wenyewe, alikuwa palepale kwenye foleni, amejifunga blanketi hadi kidevuni. Akajifanya anakagua kwato za beberu wake kwa makini ya daktari.

Kila aliyekuwepo aliuelewa uzito wa tusi lile. Mbuzi wetu wa singa ndefu, ukishamvua koti lake, hana tofauti na mtu aliyetoka kuoga akafungiwa nje. Mvua ya baridi ikimkuta katika wiki zile za mwanzo, anatetemeka, anapiga magoti, kwisha habari yake. Mifugo ya mtu inaweza kuondoka mchana mmoja, na mwenyewe akabaki fukara kama alivyokuwa kijana, ila sasa ana magoti ya kizee. Hicho ndicho Taole alichomtakia mwenzake, tena kwa sauti ya besi.

Taole alizaliwa katika nyumba ya mwisho ya kijiji, ile inayotazamana na mlima uso kwa uso, na ndiyo anayoishi mpaka leo. Alichunga kondoo, akaenda jando, halafu akafanya kama wanaume wote wa rika lake: akavuka mpaka kwenda kuchimba dhahabu ya watu wengine. Alikaa chini ya ardhi miaka mingi. Aliporudi alikuja na kikohozi, redio, buti zenye chuma puani, na lugha ya migodini, ambayo ina maneno machache ya kazi na yaliyobaki yote ni matusi. Alikuja pia na akiba. Wenzake waliorudi na akiba waliezeka nyumba kwa mabati. Taole akanunua farasi.

Aliitwa Sefako. Alikuwa wa rangi ya majivu, masikio marefu kuliko inavyopendeza, na alikimbia kama aliyetumwa kupeleka habari ya msiba. Siku za mashindano watu wa mabonde ya jirani walipanda mlima kuja kumtazama, na Taole alitembea katikati yao kifua mbele utadhani aliyekimbia ni yeye. Farasi ashinde, sauti imkauke Taole. Ndivyo walivyogawana kazi.

Kanisani aliingizwa na mkewe, Mama Paseka, mwanamke mfupi mwenye sauti ndogo na uamuzi mkubwa.

"Baba Paseka," alimwambia, "Alhamisi nasali na kina mama wenzangu, sawa. Lakini Jumapili nakaa peke yangu kama mjane, na mume ninaye. Chagua moja: uje kanisani, au ufe kweli nijue."

Taole akaja. Na alipokuja alikuja mzima mzima. Pombe ya mtama aliacha. Kamari ya farasi aliacha, ingawa ilimuuma. Akaanza kuimba besi iliyowaamsha watoto wachanga wa mstari wa mbele, na jioni alisoma Maandiko kwa sauti zizini, kondoo wakimsikiliza kwa heshima kuliko vijana wa kwaya. Kitu kimoja tu kilishindikana kuachika, nacho ni Mothibeli.

Habari yenyewe ilikuwa hivi. Chifu hufunga malisho ya bondeni sehemu ya mwaka ili majani yapumzike. Mifugo ikikutwa humo inaswagwa hadi kwenye zizi la chifu, na haitoki mpaka mwenyewe alipe faini. Mlinzi wa malisho siku hizo alikuwa Mothibeli. Vilevile Mothibeli alikuwa na farasi wa mashindano, mnyama mzuri tu, ambaye maishani mwake alikuwa ameuona mkia wa Sefako mara nyingi kuliko alivyoona nyasi.

Asubuhi moja kondoo wote wa Taole wakakutwa katikati ya malisho yaliyofungwa, wameshiba mpaka wanapumua kwa shida. Taole aliapa kwamba jioni aliwafungia zizini na jiwe la mlangoni aliliweka kwa mikono yake. Mothibeli akasimama barazani kwa chifu, akavua kofia, akaapa kwamba alimwona Taole kwa macho yake akiwaingiza. Huyu mlinzi wa chifu, yule mtu wa kelele. Chifu akamwamini mlinzi.

Kondoo wakakaa zizini wakikonda, faini ikipanda kila kukicha. Mwishowe Taole aliuza kitu pekee alichokuwa nacho ambacho mtu angekilipia mara moja. Mnunuzi alikuwa mgeni kutoka bonde la pili, mpole, asiyebishana bei. Kabla wiki haijaisha, yule mpole alimpitishia Mothibeli hatamu.

Tangu hapo, kwa miaka minne, Mothibeli alipita barabara ya juu mbele ya nyumba ya Taole, amempanda Sefako, akisalimia. Kusalimia ndiko kulikouma.

"Khotso, ntate!" anapunga mkono. Amani, mzee. Amani, na wewe umekalia farasi wangu.

Na kanisani ikaanza kasoro ambayo kila mtu aliisikia. Walipofika kwenye Sala ya Bwana, besi ya Taole iliubeba ukumbi mzima mpaka pale pa kuwasamehe waliotukosea. Hapo ilizimika ghafla. Ikawashwa tena mstari unaofuata. Sauti ndogo ikikosekana nani atajua? Ya Taole ilipokosekana ilikuwa kama ukuta umetolewa tofali, upepo unapita. Watoto walishaizoea, wakawa wanageuka kumtazama kabla hata hawajafika pale. Mama Paseka hakugeuka. Alijua mumewe anafika pale kila Jumapili kama mtu anayefika mtoni, anautazama, anarudi nyumbani mkavu.

Jumapili iliyofuata majigambo ya bandani, Mchungaji Lesoli alihubiri juu ya sheria ya kale: ukimkuta ng'ombe wa adui yako amepotea, mrudishe kwake, ukimwona punda wa anayekuchukia amelala chini ya mzigo, usipite pembeni, mwinue. Alihubiri akitazama upande wa besi. Mzee wa kanisa aliyekuwa bandani naye alitazama upande wa besi. Ilikuwa ni mahubiri yenye anwani.

Nje ya kanisa Taole alimpa mchungaji mkono kwa adabu zote.

"Moruti, leo nimesikiliza vizuri. Ng'ombe, nimesikia. Punda, nimesikia. Mbuzi hawakutajwa."

Watu wakacheka. Mchungaji naye kicheko kilimtoka kidogo, akakifunika kwa kikohozi. "Ntate Taole, kuna mahali pia tumeambiwa tuwapende adui zetu."

"Hapo ni adui. Mimi na wewe tunazungumzia mifugo."

"Muache, Moruti," akadakia Phakiso, jirani mwenye kazi ya kudakia. "Anasubiri mpaka awe kama yule mfalme wetu wa zamani, aliyewasamehe wala watu waliomla babu yake."

"Yule alikuwa mfalme," alijibu Taole, "alikuwa na mababu wa akiba. Mimi nilikuwa na farasi mmoja."

Hapo vicheko vilipanda hadi kwenye kengele. Mama Paseka peke yake hakucheka. Alishika njia, na mumewe akamfuata nyuma akiendelea kujieleza kwa kisogo chake mpaka nyumbani.

Sasa, kwetu ukishanyoa mbuzi unamweka karibu na nyumba mpaka singa zianze kuota tena. Hilo halifundishwi, mtu huzaliwa nalo. Lakini mwaka ule mvua za mwanzo ziliwahi, na juu mlimani majani mapya yalikuwa yameshachipua, mabichi, ya kumfanya mfugaji aote mchana. Anayetangulia kupanda ndiye anayechagua mahali. Mothibeli alitazama anga, lilikuwa safi kama sahani iliyolambwa, akajisemea kwamba kubaki bondeni ni woga wa wazee. Akawapandisha mbuzi wake wote, uchi vile vile, kabla ya kijiji kizima. Alipita barabara ya juu akipiga mluzi.

"Khotso, ntate!"

"Nenda," Taole alijibu. "Mlima haujawahi kunyolewa na haujui baridi ni nini."

Siku ya Jumatano, mchana, upepo uligeuka ukaja wa kusini. Kwanza kuku waliingia ndani bila kufukuzwa. Halafu mlima ukapotea. Ilianza mvua, mvua ikawa mchanganyiko wa maji na theluji, ile inayokuja kwa mshazari na kukuingia masikioni kama umbea. Mbuzi wa Taole walikuwa kwenye banda lao lenye paa, wanacheua. Taole mwenyewe alikuwa jikoni na ugali na moroho, mboga ya majani aliyopikiwa na mkewe, miguu motoni, roho kwatu.

Farasi akalia getini.

Taole aliijua sauti ile kabla haijaisha. Aliacha kutafuna.

"Nani huyo?" aliuliza Mama Paseka.

"Hakuna mtu. Ni farasi."

"Farasi wa siku kama hii ana mtu juu yake, Baba Paseka."

"Aliye juu yake ni Mothibeli. Ndiyo maana nimesema hakuna mtu."

Hata hivyo akainuka, akasimama mlangoni. Aliyoyaona pale ndiyo aliyokuwa ameyaomba kwa miaka minne, yameletwa mpaka nyumbani bila nauli. Sefako alikuwa amebandika kifua kwenye geti la zizi lake la zamani na hataki kusogea. Mothibeli alikuwa ameshuka, anavuta hatamu kwa mikono miwili, buti zinateleza. Na nyuma ya farasi, kwa kuwa mbuzi walioshikwa na hofu hufuata chochote kinachotembea mbele yao, walikuwa mbuzi wote wa Mothibeli. Ngozi za waridi, mbavu nje, wamejibana kwenye ukuta wa mawe wakipandiana ili kila mmoja awe chini ya mwenzake.

Kutoka pale hadi kwa Mothibeli ni kuteremka bonde na kuvuka kijito, na kijito kilikuwa kinanguruma. Wale mbuzi hawakuwa na bonde lililobaki miguuni. Mothibeli alilijua hilo. Taole alilijua pia.

"Usifikiri nimekuja kuomba!" Mothibeli alipiga kelele kupitia upepo. "Napita tu!"

"Pita basi!"

"Farasi wako hataki!"

Kwa miaka minne lile neno "wako" lilikuwa halijatamkwa, na baridi ikalitoa kama inavyotoa kamasi. Mothibeli alivuta hatamu kwa nguvu zaidi, bila kumtazama mtu.

Taole hakusogea. Alichotakiwa kufanya ni kutofanya kitu, na hiyo ni kazi ambayo hata mvivu anaiweza. Nani angemlaumu? Hakuwatuma mbuzi mlimani. Hakuita theluji. Angesimama tu pale mlangoni, baadaye angefunga, joto lisipotee. Mtu mwingine angeshasahau majigambo yake ya bandani, lakini Taole alikuwa na tabia ya kuyakumbuka.

Mbuzi mmoja akapiga magoti. Hakulia. Alishuka polepole, magoti ya mbele, kisha ya nyuma, kama mama mzee anayeketi kanisani. Mothibeli aliacha hatamu, akavua blanketi lake, akamfunika. Akabaki na shati. Pembeni mwingine akapiga magoti. Mothibeli akalitazama blanketi, akalitoa kwa yule wa kwanza, akamfunika wa pili. Wa kwanza akatetemeka. Akalirudisha. Wa tatu naye akalala, na Mothibeli akasimama katikati yao ameshika blanketi moja, anageuka huku, anageuka kule, maji yanamtiririka kwenye upara. Taole hakuwa amewahi kumwona bila blanketi. Alikuwa mwembamba. Mabega yake yalikuwa ya mtu wa kawaida kabisa.

"Uliwataja punda!" Taole alipiga ukelele juu, kuelekea mahali mlima ulipokuwa. "Ng'ombe uliwataja! Ungetaka mbuzi ungesema!"

"Unamgombeza nani?" aliuliza Mama Paseka kutoka ndani.

"Siongei na wewe."

"Najua."

Nyuma yake kulisikika mburuzo. Taole akageuka. Mkewe alikuwa amesukuma meza ukutani, amepanga viti juu ya meza, na sasa anakunja mkeka.

"Unafanya nini?"

"Nafagia."

"Unafagia na viti?"

"Vumbi liko chini ya viti, Baba Paseka. Endelea na mazungumzo yako. Na huyo unayemgombeza, mpe nafasi ya kujibu."

Taole akarudisha uso nje. Jibu halikusikika, ulikuwepo upepo tu, na yule wa tatu alikuwa ameshaweka kidevu chini. Taole akatema mate, akatukana kwa lugha ya migodini tusi ambalo halifai kuandikwa wala kufikiriwa, akaenda getini kwa hatua za mtu anayekwenda kupigana. Mothibeli alipomwona anakuja hivyo alirudi nyuma, akainua mkono kujikinga.

Taole akafungua geti.

"Waingize! Waingize hao panya wako kabla sijakumbuka mimi ni nani!"

"Sikuomba..."

"Ukiongea nitafunga! Ingiza!"

Sefako ndiye aliyeingia kwanza, bila kuongozwa, moja kwa moja hadi kwenye kona yake. Mbuzi wakafuata. Banda likajaa kabla ya nusu yao. Wengine wakapelekwa jikoni, na jikoni palipojaa, Mama Paseka akafungua mlango wa nyumba kubwa akasema, "Pelekeni huku, na mimi nisione kitu." Waliolala nje walibebwa mmoja mmoja, mwanamume mmoja mbele, mwingine nyuma.

"Shika miguu ya nyuma."

"Nimeshika."

"Hiyo ni ya mbele, Mothibeli. Umefuga miaka yote hii hujui mbuzi anaishia wapi?"

"Nimepoteza hisia vidoleni, bwana wee!"

"Akili je? Hiyo ulipoteza lini?"

Mama Paseka alichana magunia matupu ya mahindi, akayatoboa mashimo ya miguu, wakawavalisha mbuzi kama wanafunzi. Walichochea moto wa samadi kavu mpaka moshi ukawafanya wote watatu walie, kila mmoja kwa sababu zake. Walisugua ngozi, walisugua masikio, walisugua mbavu. Taole alisugua kwa hasira, na inaonekana hasira ina joto, maana yule mbuzi wa kidevu chini alifumbua macho, akamtazama, akampiga chafya usoni.

"Na wewe huna shukrani," Taole akamwambia. "Mmefanana na baba yenu."

Alipoinua kichwa alimkuta Mothibeli kwenye pembe ya jiko, amevishwa blanketi. Blanketi lilikuwa la Taole. Mkononi alikuwa na sahani. Sahani ilikuwa ya Taole. Mama Paseka alikuwa amesimama juu yake kuhakikisha anakula.

"Hata moroho yangu?"

"Imepoa," alisema Mothibeli, meno yakigongana. Akatafuna. "Na haina chumvi."

Taole alimtazama Mama Paseka. Mama Paseka alitazama paa. Taole akachukua chumvi, akaisukuma kwa mguu mpaka alipoketi adui yake, akarudi kwa mbuzi.

Asubuhi jua lilitoka kana kwamba halikuhusika. Mbuzi wachache walikuwa wamekufa, wamepangwa kando ya ukuta. Wengine wote walitoka nje na magunia yao, wakasimama kwenye mwanga, wakaanza kula maua ya Mama Paseka. Mothibeli alisimama getini, kofia mkononi, anaizungusha.

"Ile siku ya kondoo wako," alianza. "Lile jiwe la zizi..."

"Usiniambie mimi," Taole alimkatiza. "Mimi nilikuwa najua. Wasiojua ni wengine."

Mothibeli akawaswaga mbuzi wake bondeni, kwa miguu, anamvuta Sefako nyuma. Hakusalimia mtu.

Jumapili ile, walipofika pale pa kusamehe, watoto waligeuka kama kawaida. Besi ilikuja. Ilikuja imekwaruza, nusu toni chini, kama geti lenye kutu, lakini ilikuja, na mtoto mmoja mchanga akaamka akalia.

Kilichobaki kilimalizikia barazani. Mothibeli alikwenda mwenyewe kwa chifu. Alisimama palepale alipoapa zamani, akavua kofia, akasema kwamba lile jiwe aliliondoa yeye, kondoo aliwaswaga yeye, na yule mgeni mpole wa bonde la pili alikuwa binamu ya mkewe. Watu walipumua kwa pamoja. Chifu alibadilika rangi, maana aliyedanganywa hadharani alikuwa yeye. Alimvua Mothibeli ulinzi wa malisho papo hapo. Kisha akamgeukia Taole na kumwambia kwamba aliyekosewa ndiye mwenye kusema: akitaka, mtu huyu apelekwe polisi kwa kiapo cha uongo, akitaka mifugo, baraza litamgawia, aseme tu kitakachomfuta machozi.

"Farasi!" alipiga kelele Phakiso. "Na mbuzi nusu!"

"Mbuzi wote!" alidakia mwingine. "Si walikuwa wameshakufa?"

Mothibeli alisimama katikati, bila kofia, anatazama buti zake. Hakuna haja ya kueleza alifanana na mnyama gani.

Taole alijikuna shingo. "Polisi wa nini?" alisema. "Watamlisha kwa kodi yangu. Na mbuzi, ndugu zangu, wale nimewasugua kwa mikono hii mmoja mmoja. Kama ningewataka maiti ningewaacha getini."

"Na farasi je, ntate?" aliuliza chifu.

Hapo Taole alitazama nje. Nje ya uzio Sefako alikuwa amefungwa kwenye nguzo, masikio yake marefu yamesimama, anasikiliza ile sauti anayoijua.

"Farasi ana miguu," alisema. "Anajua kwangu ni wapi. Amezeeka na anakula sana. Mwacheni huyu amlishe."

Watu walicheka, na ilikuwa nafuu kwa kila mtu kwamba wamecheka. Mothibeli hakucheka. Alifunika uso kwa kofia yake, mabega ya mtu wa kawaida yakimtikisika.

"Basi kama aliyekosewa hataki kitu," chifu alianza kufunga shauri.

"Godoro!"

Sauti ilikuwa ndogo na ilitoka upande wa wanawake. Mama Paseka alikuwa amesimama. Alikuwa amevaa vazi lake la sala la Alhamisi, ambalo nusu ya kola yake nyeupe ilikuwa imeliwa.

"Mume wangu amesamehe yake, Mungu ambariki. Mbuzi walilala kitandani kwangu, chifu. Wale walioamka walikula godoro, na wale ambao hawakuamka walifanya mengine. Ntate Mothibeli, nimekusamehe yote. Godoro sijasamehe."

Chifu alimtazama Taole. Taole alitazama paa, lakini barazani hakuna paa, kwa hiyo akatazama mawingu.

"Baraza limesikia," alisema chifu. "Godoro."

Mothibeli alilileta wiki iliyofuata kutoka mjini, limefungwa kwa kamba mgongoni mwa Sefako, limetanuka huku na huku mpaka farasi akawa kama kitu kinachotaka kuruka. Godoro la sponji, la watu wawili, bei yake kwenye duka la Mchina karibu na stendi, kwa pesa ya kwetu: maloti elfu moja mia mbili na hamsini.